Mama Dufie na Riba ya Kumi

Katika soko la viazi vikuu la Techiman, mia ya viazi ni mia na kumi. Ukimhesabia mteja mia kamili atakuona huna malezi. Mama Dufie amehesabu hivyo miaka ishirini na miwili, na hajamdhulumu mtu hata kiazi kimoja. Mimi nauza uji mkabala na kibanda chake, namjua. Bahati mbaya mimi sikopeshi.

Anayekopesha ni Bwana Adusei, afisa wa ofisi ya akiba na mikopo nyuma ya stendi, kijana wa mashati yaliyonyooka. Mama Dufie alikwenda kwake kuomba sedi elfu nane. Angejaza lori zima la viazi kutoka kaskazini, na faida ingelipa ada ya binti yake Serwah, mwaka wa mwisho wa uuguzi. Ada ilikuwa na siku yake; ikipita, Serwah angefukuzwa chuo.

Foleni ilikuwa ya wanawake arobaini, na pesa ilitosha kumi na watano. Mama Dufie akawaza kisoko: kitu kikiadimika, bei hupanda.

"Riba yenu ngapi, mwanangu?"

"Tano kwa mwezi, mama."

"Basi mimi nitakupa kumi."

Akatabasamu, maana kwake kuongeza kitu juu ni uungwana. Adusei akafunga faili.

"Mama, mbona umekubali haraka hivyo?"

"Si nautaka mkopo?"

"Aliyenikubalia haraka mwaka jana namtafuta mpaka leo. Mwenye nia ya kulipa hunibishia mpaka kichwa kiniume. Nenda tu, mama yangu."

Aliponisimulia nilicheka mpaka uji ukashika chini. Kisha nikapandwa na hasira. Miaka ishirini na miwili ya uaminifu, halafu mama wa watu anaponzwa na adabu zake!

"Dada, rudi Jumatatu," nikamwambia. "Mbishie. Mwite bahili. Kama huna machozi, nitakukatia kitunguu."

Jumatatu akarudi, akaanza na riba ya mbili. Akapiga meza, akalalamika, akainuka mara tatu kama anayeondoka. Adusei alifurahi sana. Walipofika tano ileile ya siku zote, akamwita mteja makini na kumpa mkono.

Akampa na elfu nne.

"Nusu, mwanangu?"

"Bado hatukujui vizuri, mama. Tuanze kidogo kidogo."

Lori halina nusu. Dereva alidai nauli kamili, viazi vikaja vikigongana ndani ya bodi lenye nafasi ya kuchezea mpira, na faida yote ikaishia kwenye nauli. Siku ya ada ikapita. Serwah akashuka stendi na sanduku lake, akamsaidia mama yake kupanga viazi. Niliona uchungu kuliko kama angelia.

Mama Dufie aliuza friji yake akamaliza deni lote, riba na kila kitu, siku kumi na moja baada ya tarehe ya kulipa. Nilimsindikiza kupeleka fungu la mwisho. Adusei alihesabu, akashukuru, akafungua faili na kuandika kwa mwandiko mzuri. Nilisoma kutoka upande wangu wa meza:

"Mchelewaji. Tulifanya vyema kumpa nusu."