Mawe ya Kuogea ya Bibi

Enzi zetu bafu lilikuwa uzio wa matete nyuma ya nyumba. Halikuwa na paa wala mlango, na aliyeingia kuoga alitundika kanga juu ya uzio ili watu wajue mna mtu. Chini yalipangwa mawe bapa. Wajukuu zangu wakisikia hayo wananihurumia, utadhani nililelewa pangoni. Mimi nawatazama wanavyosugua vigae kwa dawa inayowatoa machozi, na wiki haijaisha ukungu mweusi umerudi pale pale kwenye maungio.

Mawe yetu yalitoka mtoni, bondeni chini ya kijiji chetu cha Mbuba. Aliyeyachagua ni bibi, mama yake baba. Macho yake yalikuwa yamefifia lakini kila jiwe alilijua kwa unyayo. Alikuwa na sharti moja tu, kwamba hakuna mtu wa kumwogesha. "Siku mtakayonishika mkono kwenda kuoga," alikuwa akisema, "mjue nimekwisha."

Kwa hiyo mawe yale hayakuruhusiwa kuteleza. Kila aliyemaliza kuoga alifagia maji yaliyobaki, hata kama wenzake wanamwita kwenye mchezo wa rede. Jumamosi tulisugua kwa jivu, mchanga na gunzi la hindi mpaka viganja vinawaka, huku harufu ya maharage na ndizi ikitujia kutoka jikoni kututesa. Mama alikata kila jani la mgomba lililoinamia uzio. "Mkishasugua, acheni jua limalizie," alisema. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yetu ya ukungu, na sikumbuki kuiona dukani.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Kasulo, wenzetu walipakia milango, vinu na kuku. Sisi tulipakia mawe ya bafu. Dereva wa lori akauliza kama huko tuendako hakuna mawe.

"Yapo," bibi akamjibu, "lakini hayanijui."

Lori zima lilicheka, na mimi nilitamani kushuka nitembee kwa miguu.

Kijiji kipya kilipangwa kwa mstari, nyumba kwa mstari na mabafu nyuma yake kwa mstari pia. Bafu letu likaangukia nyuma ya ghala la kijiji. Ukuta wa ghala ulizuia jua na bati lake lilitumwagia maji ya mvua. Masika ya kwanza hayajaisha, mawe yalishavaa utando wa kijani, laini, unaoteleza. Baba alimwomba balozi wa nyumba kumi tulisogeze bafu juani. Balozi, mtu mwema lakini mwoga wa wakubwa, akasema mstari ni mstari.

Kisha vita ikaja. Baba akaondoka na mgambo, sabuni ikapotea dukani, tukawa tunafulia majani ya mpapai. Bibi akaanza kuingia bafuni kwa kushika matete kwa mikono miwili. Siku moja tukasikia kishindo. Alitoka na goti linavuja damu, akasema ni kopo limeanguka. Hakuna aliyembishia. Usiku ule mama alilia, na mimi niliogopa kuliko nilivyoogopa habari za mizinga.

Mama akaamua kwamba kila Jumamosi mawe yang'olewe, yasuguliwe, yaanikwe mbele ya nyumba kando ya barabara, ndiko lilikokuwa jua. Nilikuwa darasa la tano na aibu niliyoipata siwezi kuieleza. Wapita njia waliyaona ni viti, wakakaa.

Jumamosi moja akaja mkubwa kutoka wilayani, ndani ya suti ya Kaunda iliyonyooshwa vizuri, kuzipa pole familia zilizotoa watu kwenda vitani. Watu walipokuwa wanatafuta kiti, yeye alishakaa kwenye jiwe kubwa kuliko yote. Alizungumza kwa kirefu. Jua likaanza kushuka, na bibi akatoka na fimbo yake, anayagusa mawe moja moja mpaka fimbo ikagonga kiatu.

"Shikamoo bibi," mkubwa akasema.

"Marahaba. Karibu. Sasa inuka baba, umekalia jiwe langu la kuogea."

Balozi akakohoa. "Bibi, huyu ni mkubwa wetu."

"Sawa. Na mimi nataka kuoga kabla giza halijaingia."

Mkubwa akainuka. Akauliza jiwe linapelekwa wapi, akalikumbatia kifuani akaenda nalo mwenyewe. Alipokanyaga ndani ya bafu mguu ukamponyoka. Akadaka matete, matete yakaja naye. Alitoka na tope mpaka magotini, akautazama ukuta wa ghala, kisha akamtazama balozi.

"Mama huyu mwanawe yuko vitani, na nyinyi mnamwogesha hapa? Hamisheni bafu."

"Na mstari, mzee?"

"Mstari utapinda."

Likahamishwa, likawekwa ubavuni mwa nyumba penye jua la kutosha. Aliyeingia kijijini aliona mabafu yamenyooka kama wanafunzi gwarideni, na letu peke yake limejitokeza. Mawe yakakauka, ule ukijani ukaisha. Siku baba aliporudi kutoka vitani, sote tulimkimbilia barabarani. Bibi hakuja. Alikuwa ameingia kuoga, asije mwanawe akamkuta ananuka moshi. Baba aliikuta kanga juu ya uzio, akasimama nje na mzigo wake begani, akasubiri kama mtu mwingine yeyote. Bibi alioga mwenyewe mpaka wiki yake ya mwisho.

Leo naishi na mwanangu hapa Biharamulo mjini. Bafu lao ni zuri, limebandikwa vigae mpaka juu, lina dirisha dogo ambalo halifunguliwi kwa sababu ya mbu, na mlango unaofungwa masaa yote. Jua halijawahi kuingia mle. Nilimwomba mwanangu aniletee walau jiwe moja kutoka kule bondeni. Akacheka, akasema litakwaruza vigae.

Magoti yangu siku hizi si ya kuyaamini. Jumamosi iliyopita nilisimama mlangoni pa bafu na taulo langu, nikaitazama ile sakafu inavyong'aa. Mke wa mwanangu akanifuata taratibu, akaninyooshea mkono. Ni binti mwema.

Nikaushika.