Bibi Niliyemchoma Hadithini

Nakumbuka Jumamosi moja ya Julai, baridi ya Johannesburg imekaza, vidole vyangu vikiwa ndani ya nywele za Koko Nabintu. Koko ni bibi kwetu sisi Wakongo, ingawa huyu hakuwa bibi yangu wa damu. Alikuwa mteja wangu, mjane kutoka pande za Bukavu, amepanga chumba mtaa wa La Rochelle, hukohuko Johannesburg. Mimi nilikuwa msusi kijana pale Joubert Park, na huku nasuka, nilisimulia.

Usicheke, mwanangu. Hivi vitabu vyangu unavyoviona leo vilianzia kwenye kiti cha saluni. Masista walionisomesha walikuwa na kitabu kikuukuu cha Kifaransa chenye visa vya kale vya Ulaya, vya mashujaa wapanda farasi waliovaa chuma na kuapa kuwalinda wanyonge. Nilivichukua visa hivyo nikavipindua nipendavyo. Kichwa kimoja cha rasta huchukua saa sita nzima, na mwanamke aliyekaa muda huo atakushukuru ukimpa shujaa mmoja na uchawi kidogo. Nyumbani niliyaandika niliyoyasimulia. Wateja walirudi hata kabla msuko haujachakaa.

Aliyependwa kuliko mashujaa wote alikuwa bibi mmoja niliyemtunga mwenyewe, mzee aliyeishi peke yake kando ya daraja, akiwashona mashujaa majeraha yao na kuyafumba kwa maneno ya siri. Koko Nabintu hakukosa kumuulizia.

"Na ule mumama wa ku daraja, angali muzima?"

Nami nilimjibu, mzima, Koko, na ana nguvu kuliko mfalme.

Kisha mchungaji wetu akasikia. Aliniita baada ya ibada, akaniambia kwamba hadithi ambamo mchawi anatenda mema ni hadithi ya shetani. Nimuue yule bibi, ama nisikanyage tena kwaya. Nusu ya wateja wangu walikuwa wanakwaya. Sina la kujitetea: niliogopa, nikamuua.

Basi Jumamosi ile, mikono yangu ikiwa kichwani mwa Koko, nikasimulia jinsi mashujaa walivyomfunga bibi wa daraja kwenye mti, wakamchoma moto, na mfalme akamshukuru Mungu. Saluni nzima ikapiga makofi. Mama mmoja, mpangaji wa nyumba ileile ya La Rochelle, akasema, "Afadhali! Vizee vya namna hiyo vinakula watoto. Lisemwalo lipo."

Koko akanishika mkono, nikaacha kusuka.

"Kwetu baliniita mulozi," akasema polepole. "Nyumba yangu baliichoma, miye ndani. Nilipita ku dirisha. Na weye, mutoto yenye kusoma, unabafundisha tena?"

Na mimi, mwanangu, nikajibu neno la kipumbavu kuliko yote niliyowahi kutamka: "Koko, ni hadithi tu."

Akasimama, nusu ya kichwa imesukwa, nusu nywele timtim, akajifunga kitenge akatoka. Sikumfuata. Nilikuwa na mteja mwingine.

Hazikupita wiki mbili, mtoto mmoja katika nyumba ile akashikwa na homa. Homa! Katikati ya Julai, dirisha limevunjika na kuzibwa kwa kipande cha boksi! Lakini wapangaji wakajua nani amemroga. Vyombo vya Koko vikatolewa nje, na yule mama wa "afadhali" ndiye aliyelibeba godoro. Hadi leo nikikumbuka damu inanichemka, na wa kwanza ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Nilipopata habari nilimtafuta Koko, nikamkuta mtaa wa Malvern kwa mpwa wake. Nilipiga magoti nikalia. Hakuniinua.

"Machozi yako haitanirudishia chumba," akasema. "Wende kule kwenye balipiga makofi, ubaambie ulidanganya."

Nikaenda. Nikasimulia upya mbele yao, bibi akiwa hai, na nikawaeleza kwa nini niliwahi kumuua. Wengine walinitukana, wengine hawakurudi tena, na kwenye kwaya nikafukuzwa. Chumba cha Koko hakikurudi; alifia Malvern. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa wewe umeniletea muswada wako. Ukurasa wa mwisho kikongwe anaungua na kijiji kinacheza ngoma, na nilipokuuliza kwa nini, ukanijibu, "Eish, Mama, wasomaji wanapenda." Ndiyo maana nimekurudishia bila kuusifu. Wanapenda! Hata wale wa saluni walipenda.

Mwanangu, andika uchawi, andika mapanga na farasi, watishe watu mpaka washindwe kula. Sikukatazi. Lakini kabla hujamuua mnyonge hadithini, jiulize ni nani anayefanana naye amekaa hapo akikusikiliza, na ni nani aliyekaa karibu yake. Mtu akikuagiza nani afe ndani ya hadithi yako, muulize kwanza anamtafuta nani nje yake. Na ukikosea, usiniambie ni hadithi tu. Rudi palepale ulipokosea, usahihishe kwa sauti ileile.

Haya, nenda ukaiandike upya. Mungu akupe macho ya kuisoma kazi yako ukiwa kikongwe, na akupe majirani wasiouogopa uzee wako.