Mzee wa Ghorofa ya Chini

Mzee wa ghorofa ya chini, pale Queensbury, ughaibuni, alikuwa Mhindi aliyekulia Kisumu, na Kiswahili chake kilikuwa bado na lafudhi ya huko. Kila alipopanda kumwona Tevin, mtoto mchanga wa jirani yake wa juu, Jedidah, alisugua viganja mpaka vikapata moto, maana Desemba ile baridi iliuma hata ndani ya nyumba, ndipo akamgusa shavuni kwa kidole kimoja. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo, lakini kwa mtoto aliilainisha. Siku ya Krismasi, Jedidah na mumewe wote wakiwa zamu hospitalini, ni yeye aliyemtembeza Tevin sebuleni mpaka usingizi ukamchukua.

Januari alipanda bila kuitwa. “Mama Tevin, mbona kumekuwa kimya huku? Mtoto anaumwa?”

“Hapana, mzee. Tumempeleka Meru kwa nyanyake. Zamu zetu zinagongana, na hapa hatuna wa kumlea.”

“Atarudi lini?”

“Akifika umri wa shule.”

Mzee aliketi kwenye kochi, akaliokota blanketi dogo lililosahaulika pale, akalikunja taratibu, pembe kwa pembe, mpaka machozi yakamdondokea mikononi. Jedidah, ambaye tangu uwanja wa ndege alikuwa amejikaza asilie mbele ya mtu, aliketi kando yake, akaangua kilio.