Foronya za Mwaisha

Mtu aliyelala ugenini Mwembesongo enzi za Mdachi, miaka ile reli imeshafika Morogoro na mji mzima unanukia mbao mbichi, hakuamka na uso mtupu. Aliamka na waridi limejichapa shavuni, au mkia wa ndege, au herufi za Ulaya zimempiga muhuri kwenye kipaji cha uso, na mwenyeji wake akimwona alicheka akasema, "Leo umelalia mkono wa Mwaisha."

Huyo Mwaisha alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, aliyeachika zamani, ana binti mmoja tu jina lake Asia. Kazi yake ilikuwa kudarizi foronya za mito. Na usinitajie foronya za watu wengine. Za wengine zilikuwa nguo ya kuvisha mto; za Mwaisha zilikuwa shughuli nzima, na ngoma ndani yake. Pembeni aliweka lasi. Ndani ya lasi utepe mwekundu, ndani ya utepe majani ya kijani ambayo hayajaota kwenye mti wowote, kisha mawaridi makubwa kama sahani, kisha tausi wawili wametiana midomo. Tausi mwenyewe hajapata kumwona. Alimkuta kwenye mfuniko wa kopo la biskuti, akampenda, akamwongezea mkia wa pili kwa sababu aliona mmoja haumtoshi. Halafu katikati, kwa uzi wa zari unaometameta, akaweka maandishi.

Wapo waliomsema, watakosaje. Sista mmoja wa misheni, mtu wa kitambaa cheupe na uzi mweupe, alishika foronya yake akasema rangi zinapiga kelele. Mwaisha alipofasiriwa akajibu, "Kwani siku hizi harusi inafanywa kwa kunong'ona?" Na mzee mmoja wa msikitini alipopita barazani akamtupia lile la uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, Mwaisha hata hakuinua macho. "Ndani mna sufi, mzee wangu," akamwambia. "Karibu ulalie." Mzee akaenda zake, na mwezi haukuisha akamtuma mkewe kuja kuagiza mbili.

Sasa hayo maandishi. Mwaisha hakujua kusoma, si kwa Kiarabu wala kwa herufi za Mdachi. Uani kwake palikuwa na ua wa mbao za makasha, yale makasha yanayoshuka na gari moshi na kutupwa nyuma ya maduka yakishatolewa vitu. Kila ubao ulikuja na mwandiko wake mweusi wenye vichwa vinene na mikia iliyojikunja, na alfajiri, ukungu ukiteremka kutoka Uluguru, ubao ukilowa, ule mwandiko ulikuwa kama unajisogeza. Mwaisha alikaa na kikombe chake cha uji akautazama. Hakuwa na haja ya kujua unasema nini. Alijiona yuko katika nchi ambayo hata sanduku la kutupwa linaandikwa kwa madaha namna ile, nchi ya nyumba za rangi ya sharubati, watu wanatembea polepole, hakuna anayefoka. Uji ukapoa mkononi. Msimu wa sufi ukifika na mapande meupe yakaelea juu ya mapaa, aliyafuata kwa macho mpaka yakapotelea upande wa mlima, na akiulizwa anatazama nini alisema anapumzisha shingo.

Basi aliyafuatisha kwa mkaa yale maandishi, akayahamishia kwenye bafta, kile kitambaa cheupe cha foronya. Mji ukaingia wazimu. Bibi harusi asiye na mto wenye Kidachi akaonekana kama katolewa kwao kwa hasira. Kila mmoja akajipa maana yake: huyu alisema yake inasema mapenzi hayazeeki, yule akasema yake ni jina la malkia wa Ulaya. Mwenye kuuliza sana, Mwaisha alimkata kwa msemo, "Asiyejua maana haambiwi maana," na kumbe mwenyewe ndiye wa kwanza asiyejua.

Mkono wenyewe uliofanya kazi hiyo ulikuwa na kasoro. Kidole cha mwisho cha kushoto kilikaa upande, hakikunyooka tena, na ndicho alichozungushia uzi wa zari. Kilivunjwa na Mwinjuma, baba yake Asia. Mwinjuma alikuwa mtu wa kicheko kikubwa mwaka wa kwanza wa ndoa. Kicheko kilipokwisha ikabaki mikono. Mwaisha hakupenda kuyazungumza hayo. Alidarizi tausi.

Ndiyo maana Kibwana alipokuja kuposa, roho yake haikutulia. Kibwana alikuwa kijana wa Msamvu, mchukuzi pale stesheni, kifua kama mlango. Alicheka kwa sauti, alisalimia kwa sauti, na hata maji aliyanywa kwa sauti. Aliposhusha mzigo wa kuni kwa wakwe hakuutua, aliubwaga, na vikombe vya ndani vikagongana. Asia alimtaka. Asia alikuwa msichana wa maneno machache, ambaye akikaripiwa halii, ila hunyamaza kutwa nzima kama taa iliyozimwa. "Ana kelele tu, mama," alisema. Mwaisha akamwangalia binti yake, akaangalia kidole chake.

Kaka yake Mwaisha, Maneno, akateremka kutoka mlimani kama inavyompasa mjomba, akaisikiliza hofu yake yote. "Kwetu mtoto ni wa mama," akamwambia. "Kauli ni yako, dada. Lakini siku vyombo vya bibi harusi vikitoka mlangoni, neno nalo limetoka. Halirudi ndani." Siku ya vyombo ikapangwa. Asia akawekwa ndani na kusingwa kwa liwa. Mwaisha akakaa uani akimdarizia bintiye mto wa mwisho, na kila alipochoma sindano alijiuliza: namtia mtoto mikononi mwa nani?

Katika siku hizo ndipo alipotokea Paskalia, shoga yake wa utotoni. Masista walimchukua wakampeleka Bagamoyo, yeye na Mwaisha wangali wasichana, akawafulia miaka na miaka mpaka Kidachi kikamwingia, na kusoma akasoma. Sasa alikuwa amerudi kwao mlimani, analima kabichi, na siku hiyo aliteremka nazo mjini. Aliingia uani, Asia akampigia shikamoo kutoka dirishani, akaitikia, akatua tenga, akakaa mkekani. Akaitazama foronya mapajani mwa Mwaisha. Akautazama ua wa mbao. Akairudia foronya.

"Mwaisha, maneno haya nani kakupa?"

"Ubao."

"Unajua yanasema nini?"

"Asiyejua maana haambiwi maana."

"Leo utaambiwa," Paskalia akasema, na midomo imeshaanza kumcheza. "Hapo pameandikwa: tahadhari, kioo. Yanaandikwa kwenye kasha la vyombo vya kioo, ili wachukuzi wasilibwage."

Mwaisha alicheka kwanza, kwa kuwa alidhani anataniwa. Kisha akachora chini kwa kidole maandishi mengine, yale yanayoanza na herufi kama nyoka, aliyomdarizia mke wa jumbe. "Sabuni," Paskalia akasema. Akachora na yale yenye vitone viwili juu kama macho, ya maharusi wa Mafiga. "Usipindue." Hapo Paskalia alishindwa, akajilaza kabisa mkekani, machozi yanamtoka, anasema heri maharusi wa Mafiga hawajui kusoma, wangelala wima. Ndani dirishani Asia naye alisikika akicheka kwa pua.

Lakini Mwaisha kicheko kilimkauka. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Miaka yote alijiona anawapa watu kipande cha nchi ile ya sharubati, kumbe anawatandikia sabuni. Akaona tausi wake wamegeuka kuku. Akachukua wembe ili aufumue ule mwandiko.

"Usifumue, mama," Asia akasema.

"Uende kwa mume na maneno ya kasha?"

"Nimekua nikiyaona hayo kila asubuhi. Nikiyaona najua niko kwetu. Tena ni mazuri. Yalikuwa mazuri jana, leo yamepungua nini?"

Paskalia alipokwenda zake sokoni, Mwaisha alibaki na wembe mkono mmoja na foronya mkono wa pili, na jua likaupitia ua wa mbao likamwangukia miguuni vipande vipande. Tahadhari, kioo. Aliyatamka kwa midomo tu. Akajiona mwenyewe siku alipotolewa kwao, msichana wa mlimani amefunikwa shuka jipya, amebebwa juu ya mabega ya watu, ngoma inalia, kila mtu anafurahi, na hakuna mahali popote mwilini mwake palipoandikwa neno hilo. Laiti lingeandikwa. Laiti mtu mmoja angelisoma. Alilia hapo hapo uani, mchana kweupe, akajifuta kwa lasi.

Kisha akauweka wembe chini. Uzi aliokwisha kuutia akaurudia juu kwa juu, ukawa mnene maradufu. Akaongeza shanga. Tausi akawapa mkia wa tatu, ya nini kujinyima. Ukungu wa jioni ulipoteremka herufi zile zilikuwa zimesimama juu ya bafta, hata kipofu angezipapasa. Miaka yote alikuwa akichora. Siku hiyo Mwaisha aliandika.

Siku ya vyombo Kibwana alifika mwenyewe na rukwama, pamoja na mwenzake wa stesheni aitwaye Dadi. Shikamoo yake ilisikika nyumba ya tatu. Mjomba Maneno akakaa barazani na bakora yake akingoja neno la dada yake. Kibwana na Dadi wakaanza kupanga vitu uani. Mikeka ilirushwa ikadakwa. Vinu vilitua kwa kishindo, sufuria zikapiga kengele, na katikati ya yote kile kicheko. Mwaisha alisimama mlangoni na mto kifuani. Alikuwa ameshaliandaa lile neno, alikuwa nalo mdomoni: rudisheni vitu, mtoto haendi.

Aliutoa mto mbele kwanza, maandishi juu.

Kibwana alikuwa na gunia begani. Aliuona mwandiko, akanyamaza katikati ya mzaha wake. Akalishusha gunia taratibu. Akajifuta viganja kwenye shuka, akapiga hatua, akaupokea mto kwa mikono miwili, mmoja chini, mmoja ubavuni, akaugeuza ili maandishi yabaki juu. Akaenda nao mpaka kwenye rukwama hatua za mtu anayevuka maji, akautua juu ya mikeka, na mikono yake ikakaa pale kidogo mpaka alipohakikisha umetulia.

Dadi akaangua kicheko. "Mto huo, bwana. Sufi tupu."

"Najua ni mto," Kibwana akasema. Alionekana ameona haya. "Mwandiko huu nikiuona, mikono inajiendea yenyewe."

Mwaisha akasogea. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulifundishwa na nani, mwanangu?"

Kibwana akainamisha macho kama inavyotakiwa mbele ya mkwe. "Na kiboko, mama. Mwaka wa kwanza niliangusha kasha lenye mwandiko huo. Nikapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, pale pale, watu wanatazama."

"Kwa hiyo unaogopa kiboko."

Kijana alifikiri. Kwa mara ya kwanza tangu aingie katika nyumba ile alisema kitu kwa sauti ya chini, Mwaisha ikambidi ainame ili amsikie.

"Mwanzo niliogopa kiboko. Siku hizi naogopa ile sauti, mama. Kitu kikivunjika mkononi mwako, ile sauti inalala na wewe."

Mwaisha alikitazama kidole chake. Ndani dirishani Asia alikuwa ameshika pazia. Barazani mjomba Maneno alikuwa amegeuza shingo, anangoja.

"Hapo pameandikwa tahadhari, kioo," Mwaisha akamwambia Kibwana. "Nimeandika mimi."

"Ndiyo, mama."

"Haya. Chukueni vyombo, jua linapanda."