Moja Kasoro Mshono

Kidoti, mjukuu wangu, masomo yote anayamudu isipokuwa hesabu, na katika hesabu zenyewe, zile za nusu na robo. Shule yake ya kulipia ilisema wazi: akianguka mtihani wa marudio, anarudia darasa. Mama yake akalia. Nikamwambia, "Futa machozi. Nusu na robo ndiyo kazi yangu tangu hujazaliwa." Kusoma nasoma kwa kukokota, lakini hajatoka mtu kwenye cherehani yangu na suruali ya mguu mmoja mfupi.

Nikamkalisha mtoto mezani na kitambaa, chaki na mkasi. Tukakata nusu, tukaziunga. Tukakata robo, tukaziunga, tukapima tena. Mtoto akachangamka, akaacha hata kung'ata kucha. Nami nikajiona mwalimu mkuu.

Baada ya mtihani mwalimu wake akaniita. Kijana mpole, shikamoo yake ya kuinama. Akanisogezea karatasi.

"Bibi, swali ni nusu kujumlisha nusu. Kaandika: moja kasoro mshono."

"Sasa kosa liko wapi?"

"Jibu ni moja."

"Moja itoke wapi, na mshono umeshakula kitambaa?"

"Mshono upi, Bibi?"

"Kwani hilo shati lako limeungwa kwa mate?"

Akacheka. Mimi sikucheka, maana sikujua tumepotezana wapi. Akachukua karatasi nyeupe, akaikunja katikati, akaikunjua. "Huku kwetu hatukati, Bibi, wala hatushoni." Nikaipima kwa vidole. Kweli, nzima. Kichwa kikazidi kunizunguka: kama hukukata, umegawa nini?

Lakini Kidoti alikuwa amesimama mlangoni, anang'ata kucha tena. Nikameza maneno yangu, machungu kweli.

"Mwalimu, hayo nimemfundisha mimi. Muulize tena, bila mshono."

Akakubali. "Robo tatu na robo?"

Mtoto akanitazama mimi kwanza.

"Jibu, nimekuruhusu."

"Moja."

"Robo na robo?"

"Nusu. Nusu kamili." Akajibu zote, mwalimu akisahihisha karatasi upya kwa kalamu nyekundu.

"Harudii darasa," akasema.

Njiani Kidoti akanieleza yote tangu mwanzo, akichora hewani kwa kidole. "Umeelewa sasa, Bibi?"

"Nimeelewa kwamba umepita."

Hiyo nguo yao isiyokatwa wala kushonwa, mpaka leo sijui anaivaa nani.