Nyumba ya Mchana

Katika miaka yote niliyouza mabati, milango na madirisha yaliyotumika hapa Kondele, nimeshindwa bei na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikufa maji. Aliitwa Dolphine Awuor. Nayasema haya mapema ili msomaji asikae akingoja aokolewe.

Alizaliwa Alego, akaolewa Nyando, kwenye kijiji kinachoteremka hadi ziwani. Wenyeji wa huko humwita mke kwa kwao, kwa hiyo mpaka mvi zilipomtoka alikuwa bado Nyar Alego, binti wa Alego. Mumewe alichota mchanga mtoni hadi kifua kikamshinda, akafa angali anaishi ndani ya boma la baba yake. Kwetu sisi tuliotoka Nyeri, mtu kufa kabla ya kufungua boma lake ni bahati mbaya, basi. Kwao ni kesi, na kesi hiyo ndiyo iliyomfuata Dolphine hadi mwisho.

Alilea mtoto wake mmoja, Robinson, kwa mafunjo. Aliingia kwenye kinamasi maji yakiwa kiunoni, akakata, akaanika, akasuka mikeka. Mimi niliinunua, maana wateja wangu huitandaza chini ya mabati ili joto lisiwachemshe. Siku ya kwanza nilimwambia mikeka yake ni mibichi.

"Itakauka," akasema. "Kwani wewe hayo mabati uliyanunua yakiwa mapya?"

"Mama, mimi nakusaidia tu. Soko limelala."

"Basi usiliamshe."

Akaanza kukunja mikeka yake polepole, akimwuliza jirani yangu habari za magoti yake. Hakunitazama hata kidogo. Nikaongeza bei. Akaendelea kufunga kamba. Nilipoongeza tena akaniambia bei ile ilikuwa ya kabla ya kamba. Sasa kuna kazi ya kufungua. Nikalipa. Tangu siku hiyo tukawa marafiki, kama wafanyabiashara wawili wanavyoweza kuwa marafiki, yaani kila mmoja akijua mwenzake huficha wapi kisu.

Kisha ziwa likapanda. Likachukua mafunjo, likachukua shamba la mtama, likafika chooni. Watu wa mjini hudhani mafuriko hutoka mbinguni. Kule chini Mto Nyando huteremka na matope yake kutoka milimani, unakuta ziwa limejaa, maji yanakosa pa kwenda, yanageuka na kwenda kulala kwenye nyumba za watu. Dolphine alipandisha kitanda juu ya matofali. Mwaka uliofuata akaongeza matofali.

Hapo ndipo ulipokuja mradi. Nchi zinazogawana ziwa zilikaa pamoja, nchi za mbali zikaleta pesa na mainjinia, ikakubaliwa kwamba mafunjo yaachwe yaote tena ili yashike matope, na watu wa ufuoni wahamie juu, upande wa barabara ya Katito. Nilikwenda kuona mahali penyewe, kwa sababu panapojengwa panahitaji milango. Sikuona ujanja. Msingi ulikuwa umeinuliwa, sakafu ya saruji, kila nyumba na tangi la maji ya mvua, na kisima kimoja cha pampu katikati. Mimi nimejenga kwa pesa yangu mwenyewe na ninajua kazi mbovu. Ile haikuwa mbovu. Nyumba iliandikwa kwa jina la mama, na sharti lilikuwa moja: uhamie kabla ya masika. Nyumba isiyolaliwa wangepewa wengine, maana waliohitaji walikuwa wengi.

Kwenye baraza, injinia mgeni alizungumza, naye binti mmoja wa mradi, Winny, aliyesomea Bondo, akatafsiri. Watu waliuliza kila kitu. Mbuzi wataruhusiwa? Tangi likipasuka? Mzee mmoja akauliza kama huko juu kutakuwa na mbu.

"Mbu watakuwepo, Mzee," Winny akasema.

"Afadhali. Nilidhani mnatupeleka mahali tusipopajua."

Watu wakacheka. Dolphine akauliza choo kitakuwa upande gani wa upepo. Winny akajibu vizuri, akauliza kama kuna swali lingine. Wajane walikuwa wameketi pamoja, safu nzima, wakatazama miguu yao. Hakuna aliyeuliza.

Tukitembea kurudi nikamwambia, "Mmenyamaza kama watu wenye deni."

"Kuna maneno ya wageni na maneno ya nyumbani," akasema.

Akanieleza. Boma jipya, ambalo wao huliita dala, haliingiwi hivi hivi. Mume hutangulia na shoka, mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jogoo, mke hubeba moto, na usiku huo wanalala hapo. Usingizi wa usiku huo ndio unaofungua boma. Mjane hana ruhusa ya kuufungua peke yake; lazima mwanamume wa ukoo asimame mahali pa marehemu. Akilala bila hivyo, inakuja chira, laana inayokondesha mtu mpaka afe, nayo huanza na watoto.

"Unaamini hayo?"

"Mimi nina mtoto mmoja, Mama Waithira. Ningekuwa nao wanane ningejaribu na mmoja nione."

Aliyestahili kusimama alikuwa shemeji yake, Okinyi. Dolphine akaniomba niende naye, kwa kuwa, alisema, mimi natambua macho ya mtu anayeweza kushuka bei. Tulimkuta Okinyi akikamua ng'ombe. Hakuinuka.

"Nitasimama," akasema. "Mbona nisisimame? Wewe ni mke wa ndugu yangu. Lakini nyumba iandikwe jina langu. Mwanamume hafungui boma la mtu mwingine."

"Mradi umesema jina la mama."

"Mradi hautalala na wewe hiyo siku ya kwanza."

"Hata wewe hutalala. Utaketi kitini mpaka asubuhi na shoka lako."

"Nyar Alego, mdomo huo ndio uliomuua ndugu yangu."

"Ndugu yako aliuawa na mchanga. Mdomo huu ndio uliomlisha."

Nikaingilia. Nikamwambia Okinyi achukue ng'ombe mmoja na heshima, nyumba ibaki kwa Dolphine na Robinson. Akatazama juu, upande wa milima ya Nandi, ambako mawingu yalikuwa meusi, kisha akarudi kwenye kiwele.

"Mimi sina haraka," akasema. "Mvua ndiyo dalali wangu."

Macho yake hayakuwa ya mtu wa kushuka. Dolphine naye aliliona hilo. Akakung'uta kanga yake na kuondoka, kama alivyokuwa akifunga kamba ya mikeka.

Robinson alikuwa Port Victoria, kwenye biashara ya samaki. Mama yake alimpigia simu mbele yangu. "Lala tu huko, Mama. Hayo ni mambo ya kitambo," kijana akasema. Dolphine akamjibu kwamba anaongea hivyo kwa sababu hajazaa, akakata.

Wiki ile ile alikuja dukani kutafuta mlango. Ule wa mradi ulikuwa wa bati jembamba. Yeye alitaka wa mbao. Akachagua wa mvule, mlango bora kuliko yote niliyokuwa nayo, akanishusha bei mpaka nikaona aibu mbele ya vijana wangu. Alipokwisha kushinda akaniambia mpango wake.

"Mradi unaangalia moshi," akasema. "Ukoo unaangalia usingizi. Kila mmoja nitampa chake."

Angepika kule juu, angefua, angeanika mikeka, angekaa mlangoni kila mtu amwone. Jua likitua angeshuka kwenye nyumba ya mumewe alale. Mchana haufungui boma. Asingevunja mwiko, asingempa Okinyi nyumba, wala asingempoteza Robinson. Baadaye, Okinyi akichoka kungoja, angesimama kwa bei ya ng'ombe.

Mimi nilicheka. Ilikuwa biashara safi: amewauzia wanunuzi wawili kitu kimoja na hakuna aliyelalamika.

"Na maji?" nikamwuliza.

"Maji ya kwetu hubisha hodi. Huanza chooni, yakaja jikoni, ndipo yakafika kitandani. Nitakuwa nimeamka zamani. Tena mradi una zile arafa za kuonya watu mvua ikinyesha sana milimani. Simu ninayo."

Mpango ulikwenda vizuri. Winny alipita, akaona moshi, akaona masufuria, akafurahi. Walipokuja wageni kutoka nchi zilizotoa pesa, wao na maofisa wa Uganda na Tanzania, walipelekwa moja kwa moja kwa Dolphine. Aliwapa maji ya tangi kwenye vikombe vya kauri. Mzungu mmoja akauliza kama analala vizuri, Winny akatafsiri.

"Usingizi wa hapa siwezi kuulalamikia," Dolphine akasema.

Wageni wakaitikia kwa vichwa, wakampiga picha. Aliponisimulia alicheka mpaka akashika mbavu.

Masika yalianza kwa nguvu, na ziwa lilikuwa bado limejaa. Jioni moja mvua ilinyesha Nandi wakati kwetu kukiwa kukavu. Onyo la mradi lilitoka kwa wakati, hilo lazima niliseme. Simu zililia kijiji kizima, watu wakabeba watoto na magodoro wakapanda. Okinyi alipanda na ng'ombe wake. Mashua ikapita nyumba kwa nyumba kuwatoa wazee.

Simu ya Dolphine haikulia. Alikuwa amehesabiwa miongoni mwa waliokwisha kuhamia juu, na aliye juu haonywi kuhusu mafuriko. Mashua haikusimama kwake kwa sababu hiyo hiyo. Majirani waliokuwa wakikimbia hawakumbishia hodi. Walikuwa wameona moshi wake kule juu mchana. Nao mto safari hii haukuanza chooni. Ulikuja wote kwa pamoja.

Walimkuta asubuhi, mafunjo machanga ya mradi yamemzuia asiende ziwani.

Mwili ulikaa mochari mpaka maji yashuke, maana mjane huzikwa kwenye boma la mumewe, na kule juu mradi ulikataza makaburi karibu na kisima. Sheria hiyo ni nzuri. Mimi pia nisingependa kunywa maji ya aina hiyo. Ikabaki shida ya mahali pa kumlaza usiku wa matanga, kwa kuwa nyumba yake ya chini ilikuwa imebaki kuta mbili. Wazee walibishana. Mwishowe mmoja wao akasema, "Maiti haifungui boma," na jambo likaisha. Wakamlaza kule juu, kwenye sakafu kavu ya saruji, wakafunga mlango wangu. Ndiyo mara pekee aliyolala pale.

Okinyi alikuja Kondele kununua mabati ya kuzuia udongo wa kaburi, kwa sababu chini kulikuwa bado kunatoka maji.

"Punguza kidogo, Mama Waithira. Ni ya marehemu."

"Dalali wako yuko wapi?" nikamwuliza.

Akalipa bei ya kwanza.

Robinson alizika, akanyoa nywele, akarudi Port Victoria. Nyumba hataki hata kuiona. Juzi Winny alinipigia simu. Sauti yake imekuwa ya mtu mzima ghafla. Akaniambia nyumba imekaa bila mtu na sheria inamtaka ampe mjane mwingine, naye mjane huyo ameipokea kwa mikono miwili. Akauliza kama mimi ninaonaje.

"Jioni nenda ukaangalie kama amelala," nikamwambia. "Usiangalie moshi. Na mwambie asibadilishe mlango. Ni mvule ule, na nilishindwa bei."