Ndege Asitue Begani mwa Baba

Nimejenga nyumba tatu mtaani Kagarama bila diploma, na hakuna kitu duniani cha kunishangaza. Lakini juzi, kwa fundi wa mikanda pale Kimisagara, harufu ya ngozi mpya ilinisimamisha, nikaukumbuka mkanda wa baba.

Utotoni mwangu tulikuwa ukimbizini Tanzania. Padri mmoja kutoka Ireland alimsimulia baba yangu mgonjwa habari za shujaa wa kwao, aliyejifunga kwenye jiwe kwa mkanda ili afe amesimama. Maadui walimwogopa mpaka kunguru alipotua begani mwake, ndipo wakajua amekufa.

Siku wageni walipokuja kumposa dada, baba aliniita.

"Nifunge kwenye nguzo, mwanangu. Wasinikute nimelala kama gunia."

Nikaukaza mkanda, nikaufunika kwa koti lake. Kisha nikakaa mlangoni na mawe mkononi, nifukuze kila ndege.

"Mzee, keti basi," mkubwa wa wageni akasema.

"Keti wewe uliyechoka na safari," baba akajibu. Wakacheka.

Jogoo wa jirani akaruka kuelekea bega la baba. Nilimpiga jiwe moja tu, akafa kabla ya kutua.

Baba tulimzika wiki ileile, dada ameshaposwa. Yule jogoo nilimlipa mwenyewe, kwa kubebea watu maji: shilingi mia mbili na arobaini.